Tazama Kabla Mpira Haujafika

Kiungo wa miaka 16 anapokea pasi katikati ya uwanja, amelipa kisogo goli la wapinzani. Anautuliza mpira vizuri, anainua kichwa, na hapo ndipo anapoanza kutafuta wa kumpa. Beki ameshafika, mpira umekwenda. Pembeni kocha anafoka, "Toa haraka!", na watazamaji wanakubaliana kwamba kijana ni mzito. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Miguu yake ina kasi ya kutosha, na mguso wake wa kwanza ulikuwa safi. Kilichochelewa ni macho, na macho yanafundishika.

Haya ninayoyaandika ni kwa mchezaji anayetaka kuacha kupoteza mipira ya namna hiyo, na kwa kocha wake, hata kama uwanja wao ni wa vumbi na mipira yenyewe ni mitatu.

Tuanze na hesabu ya muda, maana ndiyo inayoeleza kila kitu kingine. Tangu jicho lione kitu hadi msuli uanze kujibu hupita takriban sehemu moja ya tano ya sekunde, na hiyo ni kwa jibu rahisi la jambo moja linalotarajiwa. Ukiweka uchaguzi ndani yake, nipige, nigeuke au nirudishe nyuma, muda unarefuka. Sikio ni jepesi kidogo kuliko jicho, lakini nalo lina kikomo. Katika riadha, mkimbiaji wa mbio fupi anayeondoka chini ya sekunde 0.1 baada ya mlio huhesabiwa kuwa ametangulia, kwa kuwa inachukuliwa kwamba hakuna binadamu anayeweza kuusikia mlio na kuujibu upesi namna hiyo. Mazoezi hayaupunguzi sana muda huu. Mchezaji wa kulipwa na mchezaji wa mtaani hukaribiana mno katika vipimo vya kawaida vya macho. Wanachotofautiana ni kujua watazame wapi na lini. Anayejua hutazama mapema, na mpira unapomfikia, sehemu kubwa ya uamuzi imeshafanyika.

Geir Jordet, mtafiti wa Chuo cha Sayansi ya Michezo cha Norway kilichoko Oslo, ametumia miaka mingi kuchunguza picha za video zinazomfuata mchezaji mmoja mmoja badala ya kuufuata mpira. Mwaka 2013 yeye na wenzake walitoa matokeo ya wachezaji 118 wa Ligi Kuu ya Uingereza. Walihesabu ni mara ngapi mchezaji aliuacha mpira kwa macho na kuchungulia nyuma au pembeni katika sekunde za mwisho kabla ya kupokea. Frank Lampard alikuwa miongoni mwa walioongoza: takriban mara 6 katika kila sekunde 10. Waliochungulia zaidi walifikisha pasi nyingi zaidi, na tofauti ilikuwa kubwa hasa kwenye pasi za kwenda mbele, zile ambazo kiungo asiyejua kilichopo nyuma yake haziwezi. Lampard hakuwa na mbio za kutisha. Alikuwa na taarifa.

Basi swali la kwanza ni lini utazame. Vijana wengi wakiambiwa "inua kichwa" hukiinua ovyo, na mara nyingi hukiinua wakati mbaya kuliko wote, pale mwenzao anapougusa mpira. Mpira hubadili njia unapoguswa tu. Mwenzako anapojiandaa kuupiga, mtazame yeye na mguu wake, kwa sababu hapo ndipo habari mpya inapozaliwa. Ukishaondoka mguuni kwake, njia yake inajulikana, na kwa muda mfupi hakuna jipya la kujifunza kutoka kwake. Muda huo ni wako. Pasi ya mita 15 inayokwenda mita 10 kwa sekunde hutumia sekunde moja na nusu kukufikia. Ndani yake unaweza kuchungulia bega moja, kuchungulia jingine, na kurudisha macho kwenye mpira kabla haujakugusa. Hata kabla ya pasi hiyo, mpira ukiwa unatembea kati ya mabeki wako wawili na wewe huhusiki bado, una nafasi nyingine. Kila mpira unapokuwa njiani, mahali popote uwanjani, tazama pengine.

Namna ya kutazama nayo ina ufundi wake. Nyoosha mkono mbele yako, utazame ukucha wa kidole gumba: sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili si kubwa kuliko ukucha huo kwa umbali huo. Sehemu nyingine yote ya jicho inaona mambo kwa ujumla tu, ingawa ni hodari sana wa kunasa kitu kinachosogea. Zaidi ya hapo, jicho linaporuka kutoka sehemu moja hadi nyingine, ubongo hufifisha picha katika mruko huo. Kwa hiyo mchezaji anayezungusha kichwa bila kukisimamisha anaonekana mwerevu kwa walioko jukwaani, na hakuona kitu. Kichwa kigeuke, kisimame kidogo mno, macho yatue juu ya kitu, kisha kirudi. Mfundishe kijana atue.

Kwa kuwa ukingo wa jicho unanasa mwendo, mwili wako ukae namna ya kuutumia. Kiungo anayesimama ameuelekea mpira kifua kizima ameifunga nusu ya uwanja nyuma yake. Akisimama kwa ubavu, bega moja kwa mpira na jingine kwa goli la wapinzani, anaona mpira kwa katikati ya jicho na jezi ya beki anayekuja kwa ukingo. Hajaongeza kuchungulia hata mara moja, na ameona mara mbili zaidi. Kama nitapewa dakika kumi tu na mchezaji ambaye sitamwona tena, nitazitumia kumfundisha kusimama.

Kisha kuna jambo ambalo makocha wengi hulipita: utazame kutafuta nini? Anayeingia sokoni bila kujua anachotaka huona watu tu. Mchezaji anayechungulia bila swali huona jezi, basi. Mpe swali. La kwanza, mapema, pasi ikiwa bado haijaanza: nafasi iko wapi, kulia au kushoto, mbele au nyuma? La mwisho, mpira ukiwa njiani: anayenikaba yuko umbali gani, na anatokea upande upi? Jibu la swali la mwisho ndilo linaloamua mguso wako wa kwanza. Beki akitokea kushoto, mpira uguswe kwenda kulia. Akiwa mbali, geuka. Akiwa mgongoni, mrudishie aliyekupa, na hiyo nayo ni pasi nzuri.

Hapa lazima nizungumzie uwanja wa mchangani, kwa sababu mengi yanayofundishwa kwa video za Ulaya yanadhani kila mtu anacheza kwenye nyasi zilizokatwa. Mpira unaodunda juu ya kokoto unadai macho. Ukiugeuzia uso katika mita mbili za mwisho utakupita chini ya mguu au utakupanda gotini, na kijana akifanyiwa hivyo mara mbili anaacha kuchungulia kabisa. Ana haki. Suluhisho ni kusogeza ratiba mbele: chungulia mara nyingi zaidi kabla pasi haijapigwa, chungulia mara moja ya haraka inapokuwa nusu ya njia, halafu yaache macho yakae juu ya mpira hadi uguse. Mchezaji wa uwanja mbovu anaweza kuwa na kumbukumbu kali kuliko wa uwanja mzuri, kwa sababu analazimika kuishi na picha aliyoichukua sekunde nzima iliyopita. Kocha asimkemee anayeutazama mpira mwishoni. Amkemee aliyeutazama tangu mwanzo.

Masikio yasaidie. Mkubaliane maneno mafupi na maana yake moja tu: "Mtu!" ni kwamba unakabwa, "Geuka!" ni kwamba nyuma yako ni wazi. Neno hilo litoke mpira ukiwa njiani. Likitoka baada ya mguso wa kwanza halina faida tena, linamchanganya. Na lisitoke midomoni mwa watu watano. Mwenye wajibu wa kusema ni yule aliye karibu na anayeuona uso wa mpokeaji. Vilevile wachezaji wasiizoee sauti hata wakaacha kutazama, maana siku ya Simba na Yanga pale Benjamin Mkapa, uwanja wa watu 60,000, sauti ya mwenzako haikufikii hata akiwa mita chache kutoka kwako.

Sasa tuje kwa kocha, na hapa nina neno zito kidogo. Koni hazifundishi uamuzi. Kijana anaweza kuzunguka koni kumi kwa ustadi wa ajabu na bado asijue la kufanya anapokutana na beki, kwa sababu koni haisogei, haidanganyi, haimfungi njia. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, walitoa utafiti wa wacheza sataranji. Waliwaonyesha ubao kwa sekunde chache, kisha wakawataka waupange upya kwa kumbukumbu. Bingwa aliwaacha wanafunzi mbali sana vipande vilipokuwa vimetoka kwenye mchezo halisi. Vilipotawanywa ovyo, ubora wake ulikaribia kupotea wote. Ubongo wake haukuwa na kumbukumbu pana kuliko ya wengine. Alikuwa ameshaiona mipangilio ya aina hiyo mara nyingi mno, akaitambua kwa mafungu. Waliolipeleka jambo hili kwenye soka walipata picha inayofanana: mchezaji mzoefu anaikumbuka vizuri mipangilio halisi ya uwanjani, na mpangilio usio na maana haumsaidii.

Hiyo ndiyo maana ya kusoma mchezo. Mwaka 2011 ilitengenezwa filamu ya majaribio juu ya Cristiano Ronaldo ambamo alipigiwa krosi ndani ya ukumbi na taa zikazimwa mara mpira ulipopigwa. Aliukuta gizani na kuufunga. Mwili wa mpigaji ulikuwa umeshamwambia mpira unakwenda wapi. Uwezo huo haukutoka kwenye koni. Ulitoka kwenye maelfu ya krosi zilizopigwa na watu halisi.

Kwa hiyo chukua vijana wanane, wanne kwa wanne, kwenye eneo dogo. Weka magoli madogo manne, mawili kila upande, ya mawe au ya viatu. Timu inaweza kufunga lolote kati ya mawili ya wapinzani. Bila kusema neno umewalazimisha kuchungulia, kwa sababu goli lililokuwa wazi sekunde mbili zilizopita sasa limezibwa, na asiyetazama atalipeleka jeshi zima kwenye lango lililofungwa. Wakizoea, ongeza mchezaji mmoja asiye na timu, mwenye jezi ya rangi tofauti, anayemsaidia kila mwenye mpira. Anakuwa nafasi inayotembea, na wanaomwona mapema ndio wanaonufaika naye. Punguza miguso iwe miwili pale tu wanapoweza. Ukiwapunguzia mapema watakuwa wanapiga ovyo kuuondoa mpira miguuni.

Lile zoezi la kocha kusimama nyuma ya mchezaji akionyesha vidole, naye achungulie na kuvitaja kabla ya kupokea, ni zuri kwa kuizoesha shingo. Lifanye siku chache, kisha liache. Vidole si mchezo, na anayevihesabu hajasoma kitu.

Na wakati wanacheza, nyamaza. Kila ukipaza sauti "Kulia! Kulia! Piga!" umemwamulia. Atakutii, atafunga pengine, na wewe utafurahi, lakini siku ya mechi ngumu atakugeukia akisubiri jibu. Subiri mpira utoke, kisha mwite pembeni, umwulize kwa sauti ya kawaida: "Ulimwona nani?"

Swali hili dogo ni chombo cha kocha chenye thamani kubwa, kwa sababu kosa moja linaloonekana kwa nje lina mizizi mitatu tofauti. Kijana mmoja atasema, "Sikumwona, kocha." Huyo tatizo lake ni macho, mrudishe kwenye kuchungulia na kusimama kwa ubavu. Wa pili atasema, "Nilimwona, lakini niliona beki atauchukua." Huyo ameona, ameupima mwanya vibaya, au ameupima vizuri wewe ndiye uliyekosea ukiwa pembeni. Zungumza naye, rudieni tukio lile kwa kutembea, asimame pale pale alipokuwa amesimama, nawe usimame hapo uone alichokiona. Wa tatu atainamisha kichwa na kusema, "Nilimwona, niliogopa." Huyo hahitaji zoezi lolote la macho. Amewahi kupigiwa kelele kwa pasi iliyopotea, na amejifunza kwamba pasi ya nyuma haina lawama. Ukiwatibu wote watatu kwa "Toa haraka!", utamponya mmoja kwa bahati na kuwaharibu wawili.

Golikipa anahitaji maelezo yake, hasa kwenye penalti. Mpira unapigwa kutoka mita 11. Ukienda kilomita 100 kwa saa unafika golini kwa takriban sekunde 0.4, na nusu ya muda huo inaliwa na jicho na ubongo kabla msuli haujaanza. Lango lina upana wa mita 7.32, hivyo kutoka katikati hadi mlingoti ni mita 3.66. Anayesubiri auone mpira ukiruka ndipo aruke ameshafungwa mpira wa pembeni. Lazima asome mwili wa mpigaji kabla. Watafiti wakiongozwa na Geert Savelsbergh wa Uholanzi waliwalinganisha makipa wazoefu na wasio wazoefu mwaka 2002. Wazoefu walitazama sehemu chache kwa muda mrefu zaidi kila moja, na kadiri mpigaji alivyoukaribia mpira macho yao yalishuka kwenye miguu na eneo la mpira. Wasio wazoefu walitangatanga kwenye kiwiliwili na mikono, sehemu ambazo mpigaji anaweza kuzitumia kudanganya.

Cha kufanya: mpigaji anapoanza kukimbia, mtazame mwili wote. Anapokaribia, shusha macho kwenye mguu wa kusimamia. Mguu huo unapotua kando ya mpira, mara nyingi vidole vyake vinaelekea upande ambako mpira utakwenda. Hapo ndipo uondoke, sio kabla. Anayeruka mapema humpa mpigaji mtulivu zawadi. Sheria inakutaka uwe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari wa goli au nyuma yake mpira unapopigwa, kwa hiyo subira hiyo haikugharimu kitu.

Na usiogope kubaki katikati. Watafiti wa Israel, Michael Bar-Eli na wenzake, walichambua penalti 286 za ligi kubwa na mashindano makubwa, wakachapisha mwaka 2007. Karibu asilimia 29 ya mipira ilipigwa katikati, lakini makipa walibaki hapo kwa asilimia 6.3 tu ya mara zote. Kipa akiruka akafungwa, watu husema alijitahidi. Akisimama akafungwa, husema amezubaa. Woga wa maneno hayo unamwamulia, na taarifa aliyoipata machoni inakwenda bure.

Kwa mpigaji, woga hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: humvuta macho kwenye kipa. Majaribio ya Mark Wilson, Greg Wood na Samuel Vine nchini Uingereza yalionyesha kwamba wapigaji wakitiwa wasiwasi walimtazama kipa mapema na kwa muda mrefu zaidi, na mipira yao ikaenda karibu naye. Chagua kona kabla ya kuuweka mpira. Itazame kwa utulivu, macho yatue hapo kwa kiasi cha kuvuta pumzi moja, kisha uangalie mpira na upige.

Neno la haraka kuhusu jua: mechi nyingi za mtaani huchezwa jioni, na jua likiwa chini golikipa mmoja anacheza nusu kipofu. Sheria inamruhusu kuvaa kofia. Avae.

Kupima maendeleo hakuhitaji fedha. Mpe mtu simu, amrekodi mchezaji mmoja kwa dakika 10, kamera imfuate yeye hata mpira ukiwa kwingine. Jioni mkae pamoja na kijana, mtafute kila tukio alilopokea pasi, mrudi nyuma sekunde 10, mhesabu ni mara ngapi uso wake uliacha mpira na kutua kwingine. Rekodi dakika 10 za mwanzo wa mechi na 10 za mwisho, kwa sababu miguu ikichoka kichwa nacho huinama, na wengi wanaochungulia vizuri kipindi cha kwanza hugeuka kuwa watazamaji wa mpira baada ya dakika ya 70. Msimlinganishe na Lampard wala na mwenzake wa timu. Mlinganishe na yeye wa mwezi uliopita. Namba ikipanda na bado anapoteza mipira, rudieni video mkitazama wakati: je, alichungulia mpira ukiwa njiani, au ukiwa mguuni mwa mwenzake?